Mama Fremu na Kumi na Wawili wa Chumba cha Chai

Miaka thelathini na moja, miezi minne na, kwa hesabu yake mwenyewe, siku tisa: huo ndio muda ambao Mama Fremu ameitumikia idara yetu ya mimea hadi kustaafu kwake Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wanaokinyemelea kiti chake cha dirishani wajue kwamba kina mguu mbovu, na anayejua namna ya kukikalia ni yeye peke yake.

Alianza kama karani wa muda wa kubandika lebo. Siku moja mpimaji wa viwanja vya mimea aliumwa, naye akaombwa kumshikia kazi kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Fremu iliyompa jina ni mbao nne zilizopigwa misumari, mita moja kila upande, kazi ya mikono ya shemeji yetu, mumewe, ambaye ni fundi seremala. Kila mwaka Mama huilaza penye vigingi arobaini, kila kigingi kiwanja chake, kuanzia bondeni hadi kileleni, kisha hupiga magoti na kuandika kila mmea uliomo ndani yake. Shemeji hudai kwamba angejua fremu ile itamnyang'anya mke, angeipigilia misumari mibovu.

Kazi hiyo huuliza jambo moja tu: jamii ya mimea ya hapa inatofautianaje na ya pale, na ya leo inatofautianaje na ya mwaka jana? Ndiyo maana kigingi hakisogezwi hata hatua moja. Katika mwaka wake wa sita, Mama alirudi ofisini akihema kutoka kigingi cha kumi na saba: mimea yote ya zamani imetoweka, imeota mipya mitupu! Mkutano ukaitwa, ripoti ikaandikwa, wakubwa wakatikisa vichwa. Wiki ya pili ndipo alipogundua kwamba mlinzi alikihamishia kigingi nyuma ya choo, apate pa kufungia kamba ya kuanikia nguo. Kumbe kilichobadilika ni mahali, wala si mimea. Mwingine angejikausha. Yeye aliandika barua ya kukiri, kurasa tatu, akaisoma mbele ya wote, kisha akamnunulia mlinzi kamba ndefu zaidi. Tangu hapo hatuthubutu kumsogezea hata kikombe.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka jana. Mkurugenzi mpya, kijana mwerevu mwenye haraka zake, alifungua majedwali akaona kwamba kiwanja cha kwanza kilianza na aina ishirini na tatu za mimea, na sasa kina ishirini na tatu. Akaamua kazi ya viwanja ifungwe, maana hakuna kinachobadilika. Sote tulinywea. Jasho la miaka thelathini lilikuwa linaelekea stoo.

Mama Fremu hakubishana. Alimwomba Mkurugenzi waende chumba cha chai, akafungua kabati la vikombe. Nyuma ya mlango wake palikuwa na karatasi ambayo sisi tulidhani ni zamu za kuosha vyombo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuisoma. Kumbe kila mwaka, wiki ile ile ya vipimo, alikuwa akituhesabu na sisi: waliopo, walioondoka, wapya. Mwaka wake wa kwanza tulikuwa kumi na wawili. Mwaka jana, kumi na wawili. Jina lililobaki tangu mwaka ule wa kwanza lilikuwa moja tu, lake.

“Mwanangu,” alimwambia, “ukihesabu vichwa tu, hutajua nani ameondoka.” Akaongeza kwamba wahasibu wa ng'ambo ya korido nao ni kumi na wawili; kama tofauti haipo, basi akawaombe wao wakampimie majani.

Mkurugenzi aliisoma karatasi ile mpaka chai yake ikapoa. Viwanja vinaendelea, na fremu nimekabidhiwa mimi ninayeandika haya, baada ya mafunzo ya miezi kumi. Katika mtihani wa mwisho nilifungwa kitambaa machoni nikitafute kigingi cha kumi na saba kwa kuhesabu hatua. Nilikipata, ingawa mara mbili za kwanza niliishia chooni.

Jana asubuhi nilifungua kabati kutafuta sukari. Kwenye safu ya walioondoka, kwa mwandiko wake ulionyooka, alikuwa ameshajiandika. Kwenye safu ya wapya ameandika jina la binti atakayeripoti Jumatatu. Chini kabisa, jumla: kumi na wawili. Nililia, na sukari nikaisahau.

Asante, Mama, kwa macho yako na kwa magoti yako. Shemeji tunamrudishia mke wake akiwa mzima, isipokuwa magoti hayo. Tunakuombea mapumziko mema na miaka mingi ya kukaa kwenye kiti chenye miguu minne. Ila mwakani, wiki ya vipimo, usikose kupita kunywa chai. Kalamu sasa ninayo mimi, na kwenye safu ya waliopo nimekuachia nafasi.