Saini Aliyoikataa Mzee Sosthenes Kalinga

Baba Paroko, viongozi wa mtaa na wa jumuiya, ndugu zetu Walutheri mliofunga maduka ili mje kutusitiri, na waombolezaji wote, Tumsifu Yesu Kristo, na kamwene. Anayesoma ni Philbert Kalinga, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia, na marehemu aliagiza akiwa na akili zake timamu kwamba historia yake isipakwe sukari, kwa hiyo mtuvumilie.

Marehemu Sosthenes Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 Ipogolo, Iringa, mtoto wa pili kati ya sita wa mzee Joachim na mama Evarista, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akajifunza useremala kwa mafundi wa misheni, kwani mkono wake ulipenda randa kuliko kalamu. Mwaka 1976 alihamia hapa Mafinga akafungua karakana, na wengi wenu mnalalia vitanda vyake mpaka leo. Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Severina, wakajaliwa watoto watatu, Goodness, Joachim na Evarista, hao wawili wa mwisho wakirithi majina ya babu na bibi.

Mwaka 2005 alichaguliwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, yaani sisi familia kumi na nane tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, na jamani, alikuwa mkali! Sala ilikuwa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Mafinga mnaijua, na asiyefika aliwekewa alama nyekundu kwenye daftari la mahudhurio, na mwenye alama nyingi hakupata saini ya mwenyekiti akitaka ubatizo, ndoa au padre wa kuzika. Aliyekuwa akiweka alama hizo ni katibu wa jumuiya, na katibu ndiye huyu anayewasomea.

Tarehe 7 Juni 2012 magogo yaliporomoka kwenye kiwanda kimoja cha mbao, yakamuua kibarua aitwaye Masumbuko, mzaliwa wa Igawa, aliyekuwa amepanga kwetu mtaani na mkewe Yusta na watoto wawili wadogo. Yusta alikuja kuomba saini, daftari likafunguliwa, likaonyesha Jumamosi arobaini na moja mfululizo za alama nyekundu, na Sosthenes akasema sheria ni sheria, leo tukilegeza kwa huyu kesho nani ataamka kusali. Usiku ule alimchongea Masumbuko jeneza zuri la mninga, bure kabisa, akalipeleka mwenyewe kwa mkokoteni, akidhani amefanya ubinadamu wa kutosha. Jeneza alitoa, saini alikataa.

Masumbuko alizikwa Jumamosi tarehe 9 Juni bila padre wala katekista, akiombewa na jirani Mlutheri, mzee Rabson, aliyeimba peke yake kwa sauti ya kukwaruza. Hapo makaburini ndipo Shedrack, dereva wa lori la vibarua, alipomsogelea Sosthenes akamwambia, mzee, sisi lori linatuchukua saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi pia, na huyu tunayemzika ndiye aliyekuwa akitusalisha rozari humo nyuma mpaka tunafika kiwandani. Sosthenes alirudi nyumbani, akakaa kwenye benchi la karakana mpaka jioni, wala hakugusa chakula.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Alihamishia sala Jumapili jioni, akajiunga na kamati ya Haki na Amani ya parokia, akawa anawafuata vibarua pale lori linapowachukulia na kuwafundisha kwamba Kanisa linasema kazi ni kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi, na mwaka 2014 aligombea uenyekiti wa mtaa akashinda, akatumikia miaka mitano akiwaganda wenye viwanda kuhusu mikataba, glavu, buti na sanduku la huduma ya kwanza. Wapo waliomwita mchochezi, wapo waliosema anajikosha, na hao wa pili yeye hakuwabishia. Wawili kati ya wenye viwanda wanne walikubali, wengine walimchekea tu, na hilo lilimuuma sana.

Yusta alikuwa amerudi kwao Igawa. Marehemu alimfuata mwaka 2013 na tena 2016, akapokewa vizuri, akapikiwa wali wa Mbarali, ila alipoanza kuomba msamaha Yusta alimwambia, baba, mimi sina neno na wewe, neno unalo na Masumbuko. Tarehe 2 Novemba 2022 padre alilibariki kaburi la Masumbuko, Yusta aliitwa, hakuja.

Tarehe 8 Februari 2026 marehemu alipatwa na kiharusi, mdomo ukafungika asiweze kusema, tukamkimbiza Mbeya kwa matibabu zaidi. Gari lilipofika Igawa aliinua mkono wa kushoto akaonyesha nje, akang'ang'ana kuonyesha, na Philbert akadhani ana kiu, akampa maji, gari likapita. Alifariki dunia tarehe 10 saa nne asubuhi. Ole wangu mimi, kaka, hayakuwa maji!

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Baba Paroko, majirani, mafundi wenzake wa Mafinga, na vibarua mlioacha zamu kuja kumbeba. Wa mwisho kushukuriwa ni mama Yusta. Jana tukirudi na mwili tulisimama Igawa, tukamweleza habari ya ule mkono, naye alifunga mlango wa nyumba yake akapanda gari la msiba, na sababu sisi hatukumuuliza. Mama, udongo wa kwanza tumekuachia wewe. Ukipenda utauweka, usipopenda tutangoja kidogo kisha tutaendelea, na hakuna mtu hapa atakayekuwekea alama.

Pumzika kwa amani, kaka Sosthenes.