Fundi Viatu na Miguu ya Mkewe

Ndugu, jamaa na majirani, sogeeni tusikie habari za marehemu kaka yetu, ingawa mwenyewe angekuwepo angesema punguzeni maneno, watu wamesimama juani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati yetu watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1955 na kuimaliza akiwa hodari wa hesabu na mvivu wa kila kitu kingine, na mwaka 1963 baba akampeleka kwa fundi viatu, akitaraji atatoroka baada ya wiki moja, kumbe ndiyo amefika. Alishona viatu maisha yake yote, katika kibanda kilichotazama kituo cha mabasi, akijigamba kwamba akiiona soli iliyolika anajua mwenye kiatu anatembeaje na ana hasira kiasi gani.

Tarehe 11 Desemba 1971 alimwoa wifi yetu, mshona nguo wa duka la jirani, ambaye hakumwita kwa jina lake hata siku moja, alimwita Gundi, kwa sababu mikono yake ilinuka gundi hata akitoka kuoga, na Mungu akawajalia mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Mwaka 2016 wifi alianza kusahau, kwanza sufuria jikoni, kisha njia ya nyumbani, kisha watoto wake, na mwezi Juni 2019 marehemu alikubali kwa shingo upande mkewe apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akawa anamtembelea kila siku, naye akipokelewa kwa adabu, kama mgeni. Huko wifi alimfukuza kila aliyemgusa miguu, kucha zikarefuka hadi zikawa zinachana soksi, kaka yetu akasema kazi hiyo niachieni, fundi viatu nishindwe na mguu? Akakata kwa mbwembwe, akazungusha pembe kama anayekata ngozi, na baada ya siku chache kidole gumba kikavimba na kutunga usaha. Nesi akamnyang'anya mkasi, kisha akamkalisha na kumfundisha upya, kwamba miguu iloweshwe katika maji ya uvuguvugu, ikaushwe hadi katikati ya vidole, ukucha ukatwe moja kwa moja bila kuchimba pembeni, na mafuta yapakwe kisiginoni, si kati ya vidole. Alijifunza, jamani, mzee wa miaka sabini na mbili, na ubishi wake wote ule.

Tangu hapo wifi alimwita kijana wa kucha, akamwachia miguu bila kelele, na huku akikatwa akimsimulia habari za mumewe, kwamba ni mtu mwema ila anachelewa mno kazini, kwamba kijana akimwona njiani amwambie chakula kinapoa, naye akiitikia, nitamwambia, mama. Kisha anakuja kwangu mimi dada yake, anakaa jikoni na kulia, maana alitamani jambo moja tu duniani, aitwe Gundi mara moja, halafu afe.

Hakuitwa. Februari 2024 moyo ulianza kumsumbua, miguu yake mwenyewe ikavimba, asiweze kuinama, akawa anakata kucha za mkewe akiwa ameketi kwenye kigoda, mpaka alipolazwa, na alfajiri ya tarehe 9 Mei akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania, wauguzi wa nyumba ya wazee, hasa yule nesi wa mkasi, majirani waliolala nasi msibani, na mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao leo.

Asubuhi hii tulimleta wifi amuage, binti yake akamwambia mama, huyu ni baba, akakataa katakata, akasema mume wangu yuko kazini, huyu ni kijana wa kucha, masikini, kisha akamshika uso kwa mikono miwili na kulia kilio ambacho hata kwenye msiba wa mama yake hakukilia, tukashindwa kumtoa.

Umeliliwa na mkeo, kaka. Pumzika.