Asubuhi Ambayo Mwalimu Haskew Hakuiandika

Ndugu, jamaa na majirani wa Ojo Amargo, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi Consuelo, kitinda mimba wake, kuwasomea maisha ya baba yetu, Mwalimu Wendell Haskew, na kwa kuwa mwenyewe alichukia watu kupambwa wakishakufa, nitayasoma yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1929 katika shamba la ngano karibu na Tucumcari, akasoma huko hadi 1947, kisha akaenda chuo cha ualimu Las Vegas, hii ya kwetu New Mexico, si ile ya kamari, akahitimu 1952, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha historia katika sekondari ya mji huu.

Hapa ndipo alipokuta habari za Lafe Tolliver, yule mpiga bastola wa zamani ambaye mnapita chini ya sanamu yake kila mkienda posta, akaazimia kuandika maisha yake. Juni 1957 alimwendea Bibi Refugio Archuleta, mwenye miaka themanini na mitatu, ambaye baba yake, Eusebio, aliuawa na Tolliver mwaka 1881 yeye akitazama, na kwa kuwa bibi alisema Kihispania tu, mjukuu wake Adelina ndiye aliyetafsiri: "Baba'angu hakuwa na bunduki, alikuwa na ndoo ya maji, na alipigwa risasi mgongoni." Marehemu aliandika yote, akanywa kahawa, wiki iliyofuata akarudi bila daftari, na tarehe 17 Mei 1958 akamuoa mtafsiri. Walijaliwa watoto watatu, Ruben, Marta nami.

Kitabu kilitoka Septemba 1961. Mchapishaji alikuwa amemwambia, "Mwalimu, nani atanunua shujaa anayempiga mkulima mgongoni?", na baba akakubali, akamfanya Eusebio mwizi wa ng'ombe aliyetangulia kuchomoa bastola. Kikasomwa nchi nzima, mji ukapata sherehe yake ya kila Agosti, ambapo mtu mwenye kofia pana huanguka kwa jina la babu yetu Eusebio huku watu wakipiga makofi, na sisi shuleni tukaitwa wezi wa ng'ombe. Baadhi ya waliotuita hivyo mpo hapa leo, karibuni.

Mama hakugombana. Alimwambia mara moja tu, mezani, "Wendell, maneno ya bibi yalipita kinywani mwangu mimi. Uliyasikia vizuri." Akaendelea kumpikia na kulala kando yake miaka ishirini na minane, ila kila Agosti alifunga madirisha. Tarehe 2 Februari 1990, siku tatu kabla hajafariki, alituita watoto akasema, "Asizikwe karibu yangu mpaka aandike ilivyokuwa." Baba alikuwa mlangoni, akasikia.

Ndipo akaanza kitabu cha pili. Aprili 1996 kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia, nikawa namwandikia mimi, naye akitamka bila shida, hadi Juni tulipofika asubuhi ile ya 1881. Alisema, "Eusebio Archuleta alitoka nyumbani kwake," akalia, jamani, mzee yule alilia, akaniambia, "Kesho, mwanangu." Tuliishi na kesho hiyo miezi minne. Nilitaka kumalizia mwenyewe, maana sentensi zilizobaki nazijua, akakataa: "Aliyedanganya ni mimi, wa kuandika ni mimi." Alifariki Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 1996, saa nne asubuhi, na ukurasa umebaki hivyo hivyo.

Ruben alisema mzee alijaribu, yatosha, alazwe karibu na Mama. Marta alituachia sisi. Mimi ndiye niliyesema hapana, na inaniuma kuliko nilivyodhani ingeniuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta maharage na tamale, walimu wenzake, na vijana wa akina Archuleta waliochimba kaburi hili la safu ya juu, penye mawe matupu, bila kuombwa, wakijua ni la nani.

Pumzika kwa amani, Baba. Kutoka hapo ulipo hadi kwa Mama ni hatua arobaini na moja, nimezihesabu mara mbili.