Matone ya Macho Yaliyombana Bi Pindo Kifua

Mgeni rasmi, Mfamasia Mkuu wetu, pamoja na waganga, wauguzi na wagonjwa wenzetu: tunakusalimu kwa heshima, na tunakushukuru kwa kukubali kukaa nasi kwenye mabenchi haya magumu ya kliniki ya macho.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilizaliwa hapa hapa kwenye foleni. Sote tuna presha ya macho, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona kimyakimya, na kilicholiwa hakirudi. Tulianza kwa kusomeana maandishi ya chupa. Siku hizi tunafundishana kutia matone bila kuyanywesha mashavu.

KISA CHA MWENZETU

Mafanikio tunayo, lakini tumeona heri tukueleze, kwa ruhusa yake, habari za fundi cherehani tunayemwita Bi Pindo.

Alipoanza matone ya timololi, macho yalitulia, kifua kikachafuka. Kila akitia, pumzi ilitoka kwa mluzi, akaacha cherehani na kushikilia meza. Utotoni aliugua pumu, ila hapa aliulizwa habari za macho tu. Mumewe, fundi viatu, alidhani ni vumbi la vitambaa. Bi Pindo akagundua mwenyewe kwamba akiacha matone anapumua. Basi akaacha. Kwa kuogopa kufokewa, kila asubuhi alifungua chupa mbele ya mumewe, akalaza kichwa nyuma, kisha akapangusa jicho kavu.

Siku moja sindano ya cherehani ilimpitia kidole, kwa kuwa upande wa kushoto hakuuona. Mumewe akamleta huku amemshika mkono. Kwenye dirisha la dawa alikuwepo binti mfamasia, na Bi Pindo akamkiria kwamba aliacha matone kwa sababu yanambana kifua.

"Mama, umewahi kuugua pumu?"

"Zamani sana. Kwani jicho na kifua vina undugu?"

"Vina, mama. Tone hushuka puani, likaingia kwenye damu. Kuna mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila wewe kuiamuru. Hiyo ndiyo hupeleka ujumbe njia za hewa zikae wazi. Dawa hii huuzuia ujumbe huo. Jichoni inasaidia, lakini mwenye pumu inaweza kumuua."

"Kumbe sikuwa mkaidi?"

"Hukuwa mkaidi. Sisi ndio hatukukuuliza."

Bi Pindo alilia pale pale dirishani. Mumewe naye akageukia ukutani, akajifanya anasoma tangazo.

TULIYOPATA

Daktari alimbadilishia, akampa brimonidini, inayoingia kwenye mishipa ile ile kwa mlango mwingine, bila kubana kifua. Inamkausha mdomo na kumsinzisha. Mumewe hulalamika kwamba hadithi zake za jioni zimekosa msikilizaji. Lakini Bi Pindo anapumua, na anashona. Upande wa kushoto haukurudi.

YANAYOTUKWAZA, NA MAOMBI YETU

Brimonidini huadimika. Ikikosekana, sisi tusio na pumu hupewa timololi tukaenda zetu. Bi Pindo huondoka mikono mitupu. Hatumlaumu binti wa dirishani. Hawezi kutoa asichonacho.

Tunaomba kila anayeandikiwa matone aulizwe kwanza kuhusu kifua na moyo wake. Tunaomba tuonyeshwe namna ya kubana kona ya jicho, upande wa pua, ili dawa isishuke. Zaidi ya yote, tunaomba dawa ya wenye pumu isiachwe ikaisha.

Mgeni rasmi, leo asubuhi imekosekana tena. Bi Pindo ndiye huyo safu ya mbele, mwenye kitambaa cha kijani. Alipotoka dirishani alituambia, "Jamani, msihuzunike. Nikilazimika, nitachagua kupumua." Ndiyo maana tumekusomea wewe risala hii.

Mwenyezi Mungu akutunzie macho yako na pumzi yako, wala asikufikishe mahali pa kuchagua kimoja.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Tuzidi Kuonana,
wagonjwa wa kliniki ya macho.