Kamba Juu ya Betri

Pale Bigwa, barabara inapoanza kuukabili mlima, palikuwa na benchi moja, birika moja la kahawa, na wataalamu wa kila jambo linalotokea duniani. Mwenye birika alikuwa Abdi. Agustino, waliyemwita Mkonge, alipunguzwa kazi siku shamba la katani lilipouzwa kwa mwekezaji ambaye mpaka leo hakuna aliyemwona sura. Salum aliitwa Waziri, kwa kuwa hakuna swali lililowahi kumkosesha jibu. Huyu ndiye mwenye banda la video, lile la turubai linaloonyesha Wachina wakirushiana mateke kwa nguvu ya betri ya gari. Wa nne ni Yohana, kwa jina la kijiwe Digrii. Alisomea mimea, akavaa joho, akaambiwa serikali haiajiri tena, sasa ni soko huria, kajitafutie. Alikuwa akijitafutia kwa mwaka wa pili, na hasira zake zilishaanza kunoga kuliko kahawa ya Abdi.

Asubuhi hiyo alikuja na kamba ndefu ya bluu, akaipitisha vidoleni taratibu, kipande kwa kipande, macho kayafumba.

— Digrii, unakagua kamba au unavuta tasbihi? Abdi akauliza.

— Nakagua moyo wake. Hii ina ganda nje na moyo ndani. Ganda linaweza kuwa smart kama ofisa wa wilaya, kumbe moyo umeshakwisha. Nikiikunja hivi, pakibonyea, au pakikakamaa peke yake, it's finished.

— Kama chama tu, akasema Salum.

— Kamba inakaguliwa kwa pua! Agustino akafoka. Mimi nimekula katani maisha yangu yote. Ikinuka mvua, imeoza. Ikinuka jua, nzima.

— Jua linanukaje, mzee wangu?

— Hujui harufu ya jua? Sasa huko chuo walikuwa wanakufundisha nini?

Benchi likacheka. Yohana hakucheka. Kamba ile aliachiwa na Henrik, mtafiti wa Kidenishi aliyekuwa akining'inia kwenye miamba ya juu ya Kinole kuhesabu maua, na Yohana akiwa msaidizi wake wakati wa likizo za chuo. Sasa kampuni moja ya utalii ya Dar ilikuwa imempata kwa simu ya posta: Jumamosi wageni wawili wanataka kushuka ule mwamba wa Kinole, pembeni ya maporomoko ya maji. Walimuuliza, kamba unayo? Akasema, of course. Kazi ya kwanza tangu avue joho.

— Nimeifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, alisema. Nikaianika kivulini.

— Ungetia Jik, akasema Abdi. Ingetakata ikawa kama kanzu ya Idi.

— Ingetakata na mimi ningezikwa. Jik inaila, Abdi. Jua nalo linaila. Na chumba changu kinavuja kote, ndiyo maana nilimpa Waziri aniwekee, akaniletea juzi.

Salum akajinyoosha kama aliyeitwa kupokea nishani.

— Na nimeitunza! Waswahili wengine wangeitupa chini ikaliwa na mchwa. Mimi nikaiweka juu kabisa, pakavu, juu ya betri ya video.

Vidole vya Yohana vikasimama.

— Juu ya nini?

— Ya betri. Tangu masika. Pana joto zuri pale, hata paka analala.

Yohana akaitazama kamba. Ilikuwa bluu ileile, laini ileile, wala haina alama. Na hilo ndilo lililomtisha. Henrik alikuwa mtu mpole, lakini siku moja alimkaripia dereva mbele ya kila mtu kwa kuweka kamba karibu na betri kwenye gari. Maji ya betri, hata mvuke wake, alisema, huula moyo wa kamba kimyakimya. Hutaona kitu. Utakuja kusikia tu ikikatika.

— Umeniua, Salum.

— Mimi? Nimekupa hifadhi bure!

— Ile ni asidi, my friend! Acid! Inakula kamba kwa ndani!

Salum hakukubali kubaki bila jibu.

— Tuliza jazba. Betri inatoa nini? Chaji. Kamba imekaa pale tangu masika, maana yake imechajiwa. Ina nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani.

— Basi ukipanda nayo usiku, akasema Abdi, itawaka taa uone njia.

— Kacheke, lakini Wajapani wanafanya hivyo.

— Wajapani gani?

— Wa huko.

Agustino akajipiga goti kwa kiganja.

— Sikilizeni dawa. Unaifukia kwenye jivu la mgomba usiku kucha. Jivu linanyonya asidi yote. Asubuhi unaipaka mafuta ya nguruwe...

— Hayo mafuta hapa kwangu usiyataje, mzee, akasema Abdi.

— Basi ya ng'ombe! Halafu tunaifunga kwenye ule mti pale, tunaning'iniza mfuko wa saruji. Usipoanguka, kamba nzima.

— Saruji ya nini wakati Waziri yupo? akasema Abdi. Ana uzito wa mifuko miwili.

— Mfuko unaning'inia umetulia, akasema Yohana. Mtu akiteleza anaanguka kwa kishindo, kamba inampokea kwa mpigo mmoja. Mfuko hautaniambia kitu.

Lakini sauti yake ilikuwa imelegea, na yeye mwenyewe aliisikia. Vidole vilianza tena kupita kwenye kamba, safari hii vikitafuta ruhusa. Huenda mvuke haukufika. Huenda Henrik alikuwa na woga wa Kizungu tu. Akiwaambia Dar hana kamba, watampa kazi mtu mwingine, na Jumamosi atakuwa papa hapa, kwenye benchi hili, akisikiliza habari za Wajapani wa huko.

— Kwa macho yangu, akasema Salum kwa upole, hiyo ni mpya. Nenda tu. Risk kidogo ndiyo maendeleo.

— Nzima hiyo, akasema Agustino.

— Inshallah, akasema Abdi.

Ndipo akafika Filomena, mama wa Kinole, ametelemka na kapu la ndizi kichwani anaelekea sokoni. Akalitua apumzike.

— Shikamoo baba Agustino. Hamjambo wengine?

— Marahaba, mwanangu.

— Shikamoo mama, akasema Yohana.

— Marahaba. Kamba ya nini hiyo, nzuri hivyo?

Wakamweleza wote kwa pamoja: mwamba, wageni, betri, chaji, jivu, Wajapani. Filomena akasikiliza hadi mwisho, akijifuta jasho kwa ncha ya kanga.

— Sawa. Na atakayetangulia kushuka nani?

Abdi akatazama ndani ya birika. Agustino akagundua kiatu chake kimefunguka. Salum, Waziri mzima, akafungua mdomo, akaufunga.

Yohana akainuka.

— Abdi, nipe kisu.

— Unafanya nini? Hiyo ni mali!

Alikata. Kisu kilikuwa butu, akakikandamiza kwa goti. Akakata vipande vifupi, vya kutosha kufungia mbuzi na kuanikia nguo, visivyofika urefu wa kumshawishi mtu kujining'iniza. Agustino alilaani kila kipande, kisha akachagua viwili.

— Sasa Dar utawaambia nini? Salum akauliza, kichwa chini.

— Nitawapigia sasa hivi. Nitawaambia waje na kamba yao, na wakifika nitaikagua mimi kabla ya yeyote kuigusa.

— Na wakisema hawakutaki tena?

Yohana alikuwa ameshaanza kutelemka kuelekea posta. Akageuka katikati ya barabara.

— Kamba zimejaa huko kwao, Waziri. Ule mwamba uko Kinole peke yake, na njia yake naijua mimi.