Bega Lililofunga Kwaresima

Ghala la ushirika pale Mbinga mjini lilifungwa mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia na mizani zao. Baraza lake halikufungwa, na benchi refu ambalo wakulima walikuwa wakikalia kungoja zamu ya kupima kahawa sasa lilikaliwa na watu wasiongoja kitu. Mama Ottilia alikuwa na jiko lake la mkaa pembeni, na birika la kahawa lililowashangaza wageni, maana wilaya nzima inalima kahawa na nyumba nyingi zinakunywa chai. Watu watatu hawakukosa hapo hata siku moja. Wilfred, mpimaji wa zamani wa ghala hilo, aliitwa Bwana Mizani. Protasi, aliyeuza mitumba, betri na dawa ndogondogo, aliitwa Soko Huria. Wendelini, mzaliwa wa Lituhi kule ziwani, aliitwa Redio Mbao kwa sababu zinazoeleweka. Wa nne alikuwa Methodi, mwalimu wa kwaya ya kigango, na jina lake la kijiweni lilikuwa jipya: Nusu Mlingoti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekataa kupanda kupita kifua, na Jumapili ilikuwa sikukuu ya somo wa kigango, yaani mtakatifu wake msimamizi. Kwaya ya Matiri, washindani wao wa siku nyingi, ilikuwa inakuja. Mwalimu wa kwaya asiyeweza kuinua mkono mbele ya watu wa Matiri ni afadhali augue malaria.

— Shikamoo, Bwana Mizani, Methodi alisema, akakaa kiupande.

— Marahaba. Bendera iko wapi leo?

— Iko palepale.

— Basi nchi bado ina msiba.

Mama Ottilia alimpa kikombe. Methodi alikipokea kwa mkono wa kulia, kiwiko kimebana ubavuni, kisha akashusha kichwa kukifuata kikombe.

— Hebu eleza tena chanzo, Redio Mbao alisema. Jana nilikitangaza hadi sokoni, wakaniuliza maswali nikakwama.

— Ulitangaza nini?

— Kwamba ulipigana na padri.

Methodi akaeleza, kwa mara ya kumi labda. Msimu uliopita alizungusha mashine ya kumenya kahawa peke yake, bega likaanza kuuma. Likauma hadi Jumatano ya Majivu. Ndipo akapata wazo, nalo wakati ule lilionekana zuri sana: bega nalo lifunge. Wengine wanaacha pombe, wengine nyama, yeye aache mkono. Aliufunga kifuani kwa kitenge cha mkewe, Kwaresima nzima, akatarajia kupata thawabu na nafuu kwa pamoja. Siku ya Pasaka alifungua kitenge. Bwana alikuwa amefufuka, mkono haukufufuka.

— Hospitali ya misheni wakasemaje? Soko Huria aliuliza.

— Walinipeleka kwa Sista Kunigunda, wa mazoezi ya viungo. Alicheka, akaniomba radhi, akacheka tena. Akasema ndani ya bega kuna mfuko unaoshikilia kiungo. Usipoutembeza mkono, mfuko unasinyaa na kukakamaa. Hauui, ila haufunguki kwa siku moja. Utachukua miezi.

— Dawa?

— Mazoezi. Niiname, niuache mkono uning'inie, niubembeze polepole. Nilale chali, nishike fimbo kwa mikono yote miwili, mkono mzima uusukume mgonjwa. Na nisimame karibu na ukuta, vidole viupande kidogokidogo.

— Kama kinyonga.

— Kama kinyonga. Alisema nikiuvuta utauma kiasi, nisiogope. Maumivu yakitulia nikishapumzika, niendelee. Yakininyima usingizi, nipunguze, nisiache.

— Na mazoezi yamesaidia?

Methodi alitazama ndani ya kikombe.

— Yameshindwa, alisema.

Hakusema kwamba jirani yake Theodosia alimkuta ukutani alfajiri, anapandisha vidole huku anakunja uso na kunong'ona, na kabla ya saa nne ilishajulikana kwamba mwalimu wa kwaya anairoga nyumba yake mwenyewe. Ukuta ule hakuurudia. Na kwa kuwa aliona aibu ya ukuta, fimbo nayo aliiweka nyuma ya mlango.

— Lazima yashindwe, Bwana Mizani alisema. Mimi nimepima magunia ya wilaya hii tangu ujana. Hili ni suala la uzito. Bega la kushoto limekunyang'anya kilo, la kulia limebaki jepesi, halina nguvu ya kujiinua.

— Kitu chepesi ndicho kinachopanda, Mama Ottilia alisema.

— Mama, haya ni mambo ya mizani. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Ule upande wa kulia tu.

— Nilale upande wa kulia?

— Ule. Chakula. Utafune upande wa kulia, kishukie huko.

Soko Huria alitikisa kichwa kwa huruma.

— Uzito, uzito. Ndiyo maana ghala lilifungwa. Bega la mwalimu bado ni la ushirika, ndugu zangu. Linangoja kikao. Damu inataka kupita, linaiambia njoo kesho na kadi ya uanachama. Sasa mimi nina dawa ya kulifanya huria.

Akatoa mfukoni kikopo chenye picha ya chui.

— Hii inatoka nje ya nchi.

— Nchi gani?

— Nje.

Mama Ottilia alikichukua, akakisogeza mbali na macho, akasoma, akamrudishia.

— Protasi, hapa imeandikwa kiwele cha ng'ombe.

— Kiwele ni kiungo laini. Ikimfaa ng'ombe mwenye kilo mia tatu, kwa mwalimu itabaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni hapa ni nani? Bwana Mizani aliuliza.

— Chui.

Methodi alicheka, na bega likamchoma. Aliona aibu kwamba kwa sekunde chache alikuwa amefikiria kukinunua.

— Nyie wa milimani hamna habari, Redio Mbao alisema. Kwetu Lituhi mzee anapiga kasia mpaka wajukuu wanamtoa mtumbwini kwa nguvu. Umeshawahi kusikia bega la Lituhi limeganda?

— Kwa sababu wanalitumia, alisema Mama Ottilia.

— Kwa sababu wanakula usipa, mama. Usipa ni dagaa, samaki anayepinda. Mtu ni kile anachokula. Nyie mnakula ugali na maharage. Maharage yanapinda wapi? Nilisikia kuna mtu wa kijiji cha Mbaha aliganda kiuno, akalala na usipa wabichi mgongoni. Asubuhi aliamka akacheza ngoma ya mganda.

— Na usipa?

— Nao waliondoka wenyewe. Ndiyo maana wakasema samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo ni ya kulea watoto, Methodi alisema.

— Na bega lako umelilea?

Benchi zima lilicheka. Methodi akanywa kahawa. Mabishano yakaendelea bila yeye: Bwana Mizani alitaka afungiwe jiwe la mizani kwenye kiwiko, Soko Huria akashauri wapake dawa hata hilo jiwe, Redio Mbao akaapa kwamba mkono ukizama ziwani mpaka kwapani unapanda wenyewe, kwa kuwa hakuna kitu cha mwilini kinachopenda kuzama. Walifikia kupanga nani atamshikilia.

Ndipo Emerensiana akatokea kwenye kona, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, kikapu kichwani.

— Shikamooni. Mwalimu, kwaya wamenituma. Mazoezi ni jioni. Wanauliza kama utaongoza Jumapili, au tumwambie msaidizi wako Jastini. Juzi ulipotuinulia mkono kwenye wimbo wa Utukufu, sauti ya kwanza tuliishia palepale mkono ulipoishia. Wanaume walifikiri tumechoka.

— Tuko kwenye matibabu, Redio Mbao alimjibu. Mazoezi ya Sista yameshindwa.

— Mazoezi gani?

— Ya ukuta na fimbo.

Emerensiana aliteremsha kikapu. Hakuwa na dhihaka, alitaka kujua tu.

— Mara ya mwisho umeyafanya lini, mwalimu?

Bwana Mizani alimtazama Soko Huria. Soko Huria alikizungusha kikopo akaanza kumwangalia chui. Wote watatu wakamgeukia Methodi, na kwa sura zao alijua kwamba muda wote ule hakuna aliyefikiria kumuuliza. Angeweza kusema juzi. Badala yake alikiri kwamba fimbo iko nyuma ya mlango tangu siku nyingi.

— Mwambieni Jastini aongoze, alisema mwishowe. Mimi nitaimba besi.

— Mbele ya Matiri?

— Mbele ya Matiri.

Alipotamka hivyo kilimuuma kitu kingine, siyo bega. Aliweka kikombe chini, akainuka, akausogelea ukuta wa ghala, mchana kweupe, watu wakipita na mizigo. Akaweka vidole kwenye chokaa, usawa wa kitovu. Vikapanda. Usawa wa kifua vikagoma. Alivuta pumzi, akavisogeza kidogo, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita alivuka upande wa pili wa barabara.

— Anaroga ghala, Redio Mbao alisema kwa sauti ya chini.

— Mwache, Bwana Mizani alisema. Labda litafunguka.

Mama Ottilia aliinamisha birika. Yalitoka matone mawili na machicha. Hakuna aliyelalamika. Vidole vilikuwa vimefika karibu na kidevu, na Methodi alitaka kuuachia mkono uanguke.

— Taratibu, mwalimu, Emerensiana alisema nyuma yake. Si huwa unatuambia mwenyewe? Kushuka nako ni kuimba.