Fundi Vibao na Jina Alilolifuta

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Fundi Vibao, mwandishi wa vibao vya mji huu, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka sabini na minane. Nawaambia mapema, leo sina sauti tamu.

Mji wetu uko jangwani, kando ya mto. Zamani mto ulikuwa ukikauka miezi minane, kisha unarudi. Wasafiri walipiga kambi hapa kuungoja, na jina la mji, kwa lugha ya wazee wetu, lilikuwa na maana hiyo: mto hurudi. Wakubwa wakajenga bwawa huko juu. Mto haukurudi tena. Kama haitoshi, mji ukapewa jina la mkandarasi wa bwawa!

Kibao cha barabarani kilikuwa kazi ya Fundi. Akaamriwa aandike jina jipya. Akaandika. Alikuwa na watoto watatu wa kulisha.

Mafundi wengine hupaka rangi juu ya rangi. Ukikwangua, maandishi ya zamani yanajitokeza. Fundi Vibao hakuwa mtu wa kulipua kazi. Alipiga msasa mpaka bati tupu. Miaka kumi baadaye, alipoomba jina la zamani lirudishwe, ofisi ikamwambia majalada hayaonekani, alete ushahidi mwenyewe. Ushahidi ulikuwa kile kibao.

Bintiye anasimulia: "Baba alikikwangua kwa kucha, akitafuta hata herufi moja. Nikamwambia, 'Baba, achana nacho.' Akasema, 'Mwanangu, laiti ningekuwa mvivu siku ile moja tu.'"

Narudia, wasikilizaji. Alitaka jina la mji aliozaliwa. Basi.

Alikuja hapa redioni pia, kuuliza kanda za taarifa za habari za zamani. Nikamwambia, "Mzee wangu, njoo Jumatatu." Alikuja Jumatatu nne. Kila mara nilikuwa na kikao. Kikao gani? Nilikuwa nakunywa chai.

Jana niliingia stoo. Kanda zipo, wala sikuhitaji ngazi. Katika ya kwanza tu, jina la zamani linasomwa wazi kabisa, kwenye tangazo la serikali. Ombi lake lilitupwa mwezi uliopita, kwa kukosa ushahidi.

Familia ya Fundi, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, kabla hamjamwambia mtu aje kesho, muulizeni anatafuta nini.

Cheti chake cha kifo kinasema alizaliwa katika mji wenye jina la mkandarasi. Bintiye alinipa nikisome hapa hewani. Nimeshindwa.